Biringanya Kwenye Njia ya Radi

Jumapili, 2 Machi

Mke wangu amenipa daftari hili. Anasema amechoka kunisikiliza kila jioni, malalamiko yangu niyaandike humu, naye atayasoma siku akipata nafasi, yaani kamwe. Haya, naandika. Mawingu yameanza kukusanyika nyuma ya kilima. Watu wengine wakiyaona husema baraka hizo. Mimi ni fundi wa kituo cha redio, na yakija nahisi mgongo kuuma kabla sijainama.

Juu hapa kuna mnara, karibu yake chumba cha redio, na nyuma ya chumba ni nyumba tunayokaa. Mke wangu ndiye anayeshinda redioni. Zahanati za ng'ambo ya mto zikiwa na mgonjwa zinamwita yeye, naye anamtafuta daktari wa hospitali ya mjini au dereva wa gari la wagonjwa. Kazi yangu ni kuhakikisha hiyo redio inasema. Tangu kiangazi tunakaa na mama mkwe, aliyekuja baada ya kufiwa na mumewe. Alikuja na sanduku moja na leso iliyofungwa fundo, ndani yake mbegu za biringanya za marehemu. Miche ameipanda kwenye uwanja kati ya mnara na chumba cha redio, maana ndipo penye udongo mzuri. Sasa imefika magotini.

Jumanne, 4 Machi

Ngurumo ya kwanza. Mke wangu akafanya kama kawaida: akapeleka mkono nyuma ya redio, akafungua kebo ya antena, akaitupa nje ya dirisha, akakunja mikono kungoja. Ndivyo alivyonifundisha fundi aliyenitangulia, na sikio lake la kulia lilikufa siku alipochelewa kuifungua. Mvua ilipopita tukarudisha kebo. Wa kwanza kuita alikuwa mkunga wa ng'ambo.

"Nyie watu wa kituo, wingu likikohoa tu mmeshakimbia. Wajawazito wangu hawasubiri jua."

Mke wangu akamwomba radhi. Huomba kila msimu.

Ijumaa, 7 Machi

Mhandisi wa makao makuu amekuja na mkanda wa shaba uliokunjwa na viatu visivyojua tope. Ni rika la mwanangu wa kwanza. Anasema msimu huu redio haitazimwa tena kwa sababu ya ngurumo.

Akazunguka, akatazama waya wa ethi wa mnara, ule unaoteremsha radi ardhini, akatazama na ule wa chumba. Akauliza kwa nini tumeitenga. Nikamwambia ndivyo nilivyofundishwa: uchafu wa mnara usiingie kwenye mashine.

"Mzee, radi ikipiga mnara, umeme wa mnara unapanda na chumba kinabaki chini. Hiyo tofauti ndiyo inayochoma redio, na aliyeishika. Viunganishe. Vikipanda, vipande pamoja."

Sikupenda. Kwangu ni sawa na kumfungulia mwizi mlango kisha kumwambia karibu. Lakini shaba ni yake na kazi ni yake. Akachukua kamba, akaivuta kutoka mguu wa mnara hadi kwenye bamba la shaba ukutani, pale kebo zinapoingilia chumbani. "Chimba mtaro hapa, ufukie mkanda. Njia iwe fupi na iwe nyoofu," akasema. "Radi ina haraka, haipendi kona."

Kamba ilipita katikati ya biringanya. Mama mkwe alikuwa amesimama palepale na kopo la maji. Akamsalimu mhandisi, akamkaribisha chai. Hakuuliza kamba ni ya nini, na sisi wanaume wawili hatukumwambia.

Jumamosi, 8 Machi

Leo nimekwenda kumwambia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula, Mama."

"Hujala. Nakuona mashavu."

"Mama, hizi biringanya..."

"Umeziona zilivyonyanyuka? Marehemu kila asubuhi alikuwa akiziamkia kama watu. Na mimi siku hizi naziamkia. Usinicheke."

"Sikucheki, Mama."

Nikarudi ndani.

Jumapili, 9 Machi

Nimemwomba mke wangu amwambie yeye. "Ni mama yako," nikasema.

"Ndiyo maana," akasema. "Nikimwambia mimi, ataona nimetumwa na mume kumng'olea vitu vyake. Wewe mwambie, hatakumeza."

Ni rahisi kusema. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini wahenga hawakuwa na mama mkwe uani. Huyu mama amefika hapa hana mume wala nyumba. Miezi miwili hakucheka. Mara ya kwanza kumsikia akicheka ilikuwa siku mbegu zilipochomoza.

Jumatano, 12 Machi

Mvua. Mtaro haujaanza.

Jumamosi, 15 Machi

Mhandisi kapiga simu: umeanza? Nikamwambia udongo umelowa. Udongo umelowa kweli.

Jumanne, 18 Machi

Nimechimba. Kuanzia mguu wa mnara nimekwenda kando, nikafuata ukingo wa bustani hadi mwisho wake, nikakata kona, nikakata nyingine, nikarudi hadi ukutani. Umbo lake ni la njia ya mtu aliyezunguka dimbwi asilowe viatu. Mama mkwe alitoka na maji ya kunywa, akasimama kutazama sululu ikipanda na kushuka.

"Kumbe unazunguka?"

"Nazunguka, Mama."

"Haya," akasema, akaniachia kikombe.

Nililipokea lile "haya" kama shukrani. Nimelaza mkanda, nimeukunja kwenye kona, nimekaza bolti, nimefukia. Mgongo si wangu tena. Lakini hakuna mche ulioguswa.

Alhamisi, 20 Machi

Nimepima kwa mita ya ethi. Imesoma vizuri kuliko nilivyotumaini. Mita ni kitu cha faraja sana, haiulizi ulipitia wapi. Nikampigia mhandisi.

"Umeunganisha?"

"Nimeunganisha."

"Umenyoosha?"

"Mkanda umefika," nikasema.

Akanipongeza. Akasema kuanzia leo kebo isifunguliwe, hata ingurume namna gani. Nikampelekea mke wangu habari.

"Nisiifungue kabisa?"

"Usiifungue."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Alinitazama kidogo kisha akaendelea kufuta vumbi la redio.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua.

Jumamosi, 29 Machi

Ngurumo za mbali alasiri nzima. Hatukuzima. Mkunga aliita mara mbili, mara mbili akajibiwa. "Leo hamkukimbia," akasema. "Nani amewapa dawa ya woga?" Mke wangu akasema, "Mume wangu huyo." Nilikuwa mlangoni na spana, nikajifanya sisikii.

Alhamisi, 3 Aprili

Biringanya zimetoa maua. Nimeitwa kuyaona. Nimeyaona.

Jumatano, 9 Aprili

Daraja limekwenda na maji. Ng'ambo sasa ni ng'ambo kweli, kilichobaki kati yetu nao ni redio.

Ijumaa, 11 Aprili

Radi imepiga karibu, chini ya kilima. Mke wangu anasema kitu kimelia "pa" nyuma ya redio, kama kiberiti. Nimefungua, nimekagua, sikuona jeraha. Nimepima tena. Mita inasema sawa.

Mvua ilipokatika nikasimama kwenye kona ya mtaro. Juu ya kichwa changu kebo ya antena imenyooka kutoka mnarani hadi ukutani, kama kamba ya kuanikia nguo. Chini ya miguu yangu mkanda unakwenda kushoto, unapinda, unapinda tena, unarudi. Nikajiuliza, ningekuwa mimi ndiyo radi, na haraka yangu yote, ningepita wapi?

Nimeogopa. Kesho nitamwambia Mama, liwe liwalo.

Jumamosi, 12 Aprili

Mama mkwe amechuma biringanya za kwanza. Akapika mwenyewe, akanipakulia mimi kabla ya mtu yeyote. "Ungekuwa mkwe mwingine zingekuwa zimeshang'olewa," akasema, akicheka. Nimekula. Sikusema.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua, mvua, mvua. Nguo hazikauki. Nimechoka hata kwa mambo ambayo sijafanya.

Jumatano, 23 Aprili

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali. Yaliyotokea ni ya jana.

Saa tisa alasiri wingu lilikuwa limelala juu ya kilima, na taa zilikuwa zimewashwa kama usiku. Mkunga aliita. Mama mmoja amejifungua salama, mtoto analia, lakini damu haikatiki, na hakuna daraja. Mke wangu akampata daktari kwenye redio ya pili. Daktari anasema, mke wangu anarudia neno kwa neno, mkunga anajibu, mke wangu anarudisha. Bonyeza tumbo hapa. Dawa ile, kiasi hiki. Mtoto awekwe titini. Nilikuwa ukumbini nikisikia yote, na katikati ya maneno nikisikia ngurumo zikipanda kilima.

Niliingia. Nikasema, "Fungua kebo."

Hakugeuka. "Ulisema nisiifungue."

"Fungua."

"Kuna mtu anavuja damu. Daktari hajamaliza."

Nilitaka kumweleza kwa nini, na kueleza kulikuwa kurefu, kulianzia kwenye biringanya. Halafu nikakumbuka kwamba mkono kwenye kebo wakati ule ni hatari kuliko yote. Nikimwambia afungue, namtuma kwenye radi. Nikimwambia aache, namwacha kwenye radi. Nikasimama pale na mdomo wazi kama mlango usio na bawaba.

Mwanga na kishindo vilikuja pamoja. Sikuona kitu. Nilipoanza kuona, kulikuwa na moshi, harufu ya plastiki iliyoungua, redio zote mbili nyeusi, na mke wangu chini karibu na kiti. Maiki ilikuwa imempasukia mkononi. Vidole viwili vilikuwa na rangi ambayo vidole havipaswi kuwa nayo. Nikamwita kwa jina ambalo sijamwita tangu tuoane. Akafungua macho.

"Amesikia?" akauliza. "Mkunga amesikia ile ya mwisho?"

Nikamjibu sijui. Akauliza tena. Ndipo nikafahamu kwamba hanisikii.

Mama mkwe alikuwa ameshaingia. Hakupiga kelele. Aliketi sakafuni akakiweka kichwa cha binti yake mapajani, akabaki hivyo hadi gari la wagonjwa nililoliita kwa simu lilipofika, na ndani ya gari akabaki hivyo. Nilipotoka kufunga chumba nikaona kona ya kwanza ya mtaro: udongo umerushwa juu, na mkanda wa shaba umetokeza nje umepinda.

Ijumaa, 25 Aprili

Daktari anasema ataishi, na atarudi kazini akitaka. Sikio la kulia tungoje. Vidole viwili tungoje.

Asubuhi nikampigia mhandisi. Nikamwambia, nilikuambia mkanda umefika, sikukuambia ulivyofika. Akauliza kwa nini sikuunyoosha. Nikasema biringanya. Nilingoja acheke, au anitukane kwa Kiswahili cha ofisini.

"Nilisimama pale na kamba mkononi," akasema. "Yule mama ananikaribisha chai. Ningeweza kumwambia mimi. Nikaona, ah, huyo ni mkwe wake, atajua mwenyewe."

Nilikuwa nimemwita kijana wa viatu visafi siku zote kichwani mwangu. Ameahidi redio nyingine na mkanda mwingine, na ataleta mwenyewe.

Mchana nikamwambia mama mkwe. Tulikuwa kwenye benchi hilihili. Nilimweleza yote bila kumtazama: kamba, njia nyoofu, kona, mita, tarehe kumi na moja niliposimama nikaogopa. Nilipomaliza akafungua leso yake, akaifunga, akaifungua.

"Siku ile ya kamba niliona inapita wapi," akasema. "Macho ninayo. Nikangoja uje useme. Ukaja, ukasalimia, ukaniambia umekula, ukaondoka. Halafu nikakuona unachimba kwa kuzunguka. Nikasema basi, wenyewe wanajua kazi yao, kumbe hata huku panafaa."

"Nilikuwa nakuheshimu, Mama."

"Heshima ya kuchoma vidole vya mwanangu ulifundishwa na nani?"

Akalifunga fundo la leso.

"Mume wangu nimemzika," akasema. "Wewe ulidhani nitashindwa kuzika biringanya?"

Akainuka, akaomba lifti kwa dereva, akarudi nyumbani.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimepanda kilima asubuhi kumchukulia mke wangu nguo. Mama mkwe yuko bustanini, amejifunga khanga kiunoni, anang'oa. Zenye maua, zenye matunda madogo, zote. Mikono imejaa tope hadi viwikoni na analia waziwazi, hajifichi kama watu wanavyofanya mbele ya mkwe. Nikasogea kumsaidia.

"Hizi acha," akasema. "Wewe chimba."

Jumapili, 27 Aprili

Mtaro mpya, kutoka mguu wa mnara hadi kwenye bamba, umekwenda sawa. Mama mkwe alishika ncha moja ya kamba, mimi ya pili. Kila nilipopotoka kidogo alikohoa.

Jumatatu, 28 Aprili

Tunakula biringanya.

Jumanne, 29 Aprili

Biringanya tena.

Ijumaa, 2 Mei

Mhandisi ameleta vitu. Alivaa mabuti. Akafukua mkanda wa zamani wote, akalaza mpya kwenye mtaro nyoofu, na pale kebo ya antena inapogusa bamba kabla ya kuingia chumbani akafunga kinga ya radi. Mama mkwe akamkaribisha chai. Akasema, "Asante Mama, lakini kwanza nikuonyeshe tunachofanya." Akamwonyesha kila bolti. Mama akauliza maswali ambayo mimi sikuwahi kuuliza.

Dereva wa gari la wagonjwa amepata habari za ng'ambo kutoka kwa mtu aliyevuka kwa mtumbwi. Mkunga alisikia. Mama na mtoto wazima. Nimeteremka hospitali kwa miguu kumwambia mke wangu, nikamwambia kwenye sikio la kushoto. Alifumba macho akasema alhamdulillahi, kisha akasema nimnyanyulie mto.

Jumatatu, 5 Mei

Mke wangu amerudi. Sikio la kulia anasema linasikia kama mtu aliye chini ya maji. Vidole viwili havikunji. Nimemweleza na yeye, tangu mwanzo. Alinisikiliza amenigeuzia upande wa kushoto.

"Nilikuuliza una hakika," akasema.

"Uliniuliza."

"Siku nyingine usiniambie una hakika. Niambie unachokijua, nitajipimia mwenyewe."

Jioni hakusema nami.

Jumamosi, 10 Mei

Ameomba chumvi. Nimempa. Tumeanza.

Jumanne, 13 Mei

Wingu lilelile, saa zilezile. Amerudi redioni tangu jana, maiki kaishika kwa mkono wa kushoto. Ngurumo zilipoanza kupanda nilikwenda mlangoni. Akaniuliza, "Unajua nini?"

Nikamwambia. "Mkanda umenyooka, nimeulaza kwa mikono yangu na mhandisi ameona. Mnara na chumba vimefungwa pamoja. Kinga ni mpya. Redio hii mpya sijaiona bado mnara ukipigwa na radi, kwa hiyo hilo silijui. Ukitaka kutoka, toka, nitakaa mimi."

Akafikiri. Akaweka maiki mezani, ili aiwashe kwa kanyagio la mguuni ambalo mhandisi alilifunga, akasogeza kiti mbali na ukuta. "Lete kiti chako," akasema.

Nikaleta. Mama mkwe naye akaja na kigoda, akaketi katikati ya mlango, bila kualikwa.

Ilipiga mnara. Nilijua ni mnara, maana madirisha yalitetemeka na meno yangu pia. Taa ikafifia, ikarudi. Redio ikakoroma, ikanyamaza, halafu ikatoka sauti ya mkunga, imekasirika kama desturi.

"Kituo, kituo. Mpo au mmekimbia?"

Mke wangu akakanyaga. "Tupo," akasema. Akanitazama, akamtazama Mama. "Tupo wote."

Jumatatu, 19 Mei

Manyunyu.

Jumapili, 1 Juni

Mvua imekwisha, au imechoka kama sisi. Mtaro umeshaota majani. Asubuhi nilikuwa nakaza bolti za ukutani nikamwona mama mkwe anatoka na jembe begani na ile leso mkononi. Fundo lilikuwa dogo, mbegu zilizobaki hazijazi kijiko. Akaenda uwanjani, akatazama huku na huku, akasimama palepale penye udongo mzuri. Akainua jembe. Kisha akaliacha juu, akanigeukia, akangoja.

Nikaweka spana chini.

"Hapo hapana, Mama," nikasema.

"Haya," akasema, akasogea.